Kesi ya Mashine Isiyo na Ukoo

Umma unatangaziwa, na wasio umma wanaruhusiwa kusikiliza, kwamba mji wa Arua ndio uliotangulia nchi nzima katika kufundisha sheria ya mashine zenye akili. Tulianza mwaka 1993. Mashine yenyewe ilikuwa haijafika, lakini jambo hilo halikutuchelewesha. Mwenye busara hangoji tumbo liume ndipo achimbe choo.

Mimi nilikuwa Mratibu wa Mitaala katika Chuo cha Jioni cha Sheria ya Mashine, ndani ya lililokuwa ghala la tumbaku, kwenye njia ya kwenda Ediofe. Kiliitwa cha jioni kwa heshima ya watu kama mimi, tuliopata elimu baada ya kazi, mikono ikiwa bado na vumbi. Hata hivyo tulifunga kabla ya giza, kwa sababu umeme wa Arua ulikuja siku ambazo jenereta la mji lilijisikia.

Mlezi wa chuo alikuwa Bwana Kasimiro, Kamishna wa Mambo ya Kesho, mwenye ofisi mjini Koboko. Idara yake ilishughulikia mambo ambayo bado hayajatokea, na tangu ianzishwe hakuna mtu aliyeweza kuonyesha kosa hata moja katika kazi hiyo.

Mtaala niliuandika mwenyewe. Tulianza na Heshima Mbele ya Mashine, ambapo wanafunzi walijifunza kusimama mashine inapoingia. Mmoja akauliza mashine itaingiaje nayo haina miguu. Kamati Ndogo ikakaa, ikaamua kwamba watasimama mashine inapoingizwa. Somo la Kiapo lilitusumbua zaidi. Nusu ya darasa walitaka mashine iape kwa Biblia na nusu kwa Kurani. Tukaazimia kwamba itaapa kwa dini ya walioitengeneza, tukawaandikia huko ng'ambo kuwauliza, na jibu bado tunalingoja. Kwa muda huo tulipitisha kanuni kwamba mashine iaminiwe bila kiapo, kama wanavyoaminiwa wakubwa wengine.

Kwa mazoezi tulimtumia Saturnino, aliyepata kuwa mtunza stoo jeshini, mtu mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Tulimfunika shuka, wanafunzi wakamhoji, naye akajibu kama mashine. Mwezi Machi, joto lilipozidi, aliomba chai. Nilimkumbusha kwamba mashine hainywi chai.

"Hii moja inakunywa, Mwalimu," alijibu kutoka ndani ya shuka.

Tukampunguzia alama kwa kuwa na mahitaji.

Lakini moyo wa elimu yetu ulikuwa maneno matatu yaliyoandikwa kwa rangi juu ya ubao: MASHINE HAINA UKOO. Yalitoka kwa Kamishna mwenyewe, siku ya kufungua chuo. Alitueleza kwamba shida ya nchi hii inajulikana. Ukimpa mtu kazi ya kugawa kitu chochote, mkono wake unaanza kwa shangazi. Mashine haina shangazi. Basi ikigawa, imegawa haki. Tulipiga makofi mpaka njiwa wa ghalani wakahama.

Mimi nikaliendeleza wazo hilo kwa kulitilia mguu wa kisheria. Kwetu, mkoa huu wa West Nile, mtu akikosa, wazee hawaanzi kwa kuuliza amefanya nini. Wanaanza kwa kuuliza ni wa nani, kwa sababu ukoo ndio unaomjibia mtu wake. Sasa, mashine isiyo na ukoo haina wa kuijibia. Kwa hiyo inaamua, na hakuna anayeulizwa. Niliiita Nguzo Kuu. Kamishna alipoisoma alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hajapata kuona sheria nzuri namna ile.

Mashine ilifika mwaka uliofuata, juu ya lori la mchele, imefungwa magodoro pande zote kama mgonjwa. Ilipelekwa Koboko moja kwa moja, ikapewa chumba, feni na jenereta lake, vitu ambavyo karani yeyote wa Idara alikuwa hajapata kuwa navyo vyote kwa pamoja. Soko la Koboko lilikuwa limejengwa upya. Kazi ya kwanza ya mashine ikawa kugawa vibanda.

Hapo ndipo alipoingia Mama Rosa Kiden.

Alikuwa mjane, kwao kijiji cha Ludara. Tangu aliporudi kutoka ukimbizini Zaire alikuwa akiuza ufuta wa kusaga na ukwaju karibu na lango la soko, mahali ambapo kila anayeingia lazima apite. Nguzo za kibanda cha zamani alizisimamisha mwenyewe, na ufuta ule ndio uliolisha wajukuu wanne aliobaki nao. Mashine ilitoa uamuzi. Kibanda cha Mama Rosa kilikwenda kwa Kamisi, shemeji wa Kamishna, kijana mstaarabu ambaye hakuwa na bidhaa yoyote. Alikaa humo asubuhi hadi jioni akisalimia watu. Mama Rosa alipewa nafasi nyuma ya machinjio, ambako wateja pekee walikuwa mbwa, nao hawapendi ukwaju.

Alikwenda Idara kulalamika. Wakamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba uamuzi si wao, ni wa mashine, aiombe mashine yenyewe. Alipotoka huko alipanda gari la mizigo mpaka Arua, akaingia darasani mwetu katikati ya somo.

"Nyinyi ndiyo watu ya sheria ya ile kitu?" aliuliza.

Nilimthibitishia.

"Mimi nasimama mbele yake. Naambia yeye shida yangu yote, tangu Zaire mpaka leo. Ile kitu inanikonyeza tu. Mwanga kidogo, nyapu, nyapu, nyapu. Mimi mutu mzima, mama ya watu, inanikonyeza." Alikaa juu ya dawati. "Wajukuu wangu watakula nini, Mwalimu? Ukonyezo?"

Nilimweleza Nguzo Kuu kwa lugha nyepesi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mwanafunzi aliyekaa jirani, binti aliyeitwa Drateru, akamwuliza kama mwalimu wao huwa hivi siku zote au ni njaa.

Drateru aliomba achukue kesi hiyo kama zoezi. Nilipompelekea Kamishna ombi lile nilitegemea atakataa, lakini alifurahi kupita kiasi. Ijumaa ile alikuwa anamngojea mgeni kutoka Kampala, Mkaguzi wa Utumishi aitwaye Bi Suzan. Mkaguzi akiridhika, mashine kama ile ingepelekwa kila wilaya, na Kamishna angekwenda Kampala kuzisimamia zote, na nyumba juu, na gari. Kulikuwa na jambo gani zuri zaidi la kumwonyesha mgeni kuliko mashine inayoshitakiwa na kushinda? Basi Kamishna alitangaza kwa kipaza sauti, Koboko nzima, kwamba Mahakama ya Mazoezi ya chuo chetu itakaa Ijumaa katika ukumbi wa Idara, na kwamba hukumu yake itafuatwa na pande zote mbili, mashine ikiwemo. Jumamosi, siku ya soko, mwenye kibanda angejulikana moja kwa moja na habari ingeisha.

Nilikaa mimi kama hakimu. Nilivaa koti langu la kahawia na joho la kwaya lililoazimwa.

Watu walijaa hadi madirishani. Mashine iliingizwa na vijana wa Idara, na wanafunzi wetu wakasimama kama walivyofundishwa. Raia wakadhani ni sala, nao wakasimama, wengine wakavua kofia. Bi Suzan alikuwa kiti cha mbele. Alikulia katika kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kazi, na kwa hiyo alikisema bila woga. Kamishna alikaa karibu naye akimwelekezea mambo kwa kidole.

Utetezi ulikuwa wa Saturnino. Nilimteua kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyejua zaidi mashine inavyojisikia. Alisimama wima, akanukuu Nguzo Kuu yote bila kuangalia popote. Mashine haina ukoo. Kwa hiyo haina upendeleo. Kwa hiyo Mama Rosa ameshindwa kwa haki, na mtu aliyeshindwa kwa haki ana bahati kuliko aliyeshinda kwa upendeleo. Nilimwuliza Mama Rosa kama anaiona bahati hiyo. Alisema anaitafuta.

Ikawa zamu ya Drateru. Hakunukuu kitu. Aliomba tu waliopewa vibanda vya langoni wasimame, kila mmoja ataje kwao ni wapi na babu yake ni nani. Wa kwanza akasema kwao Kuluba, akamtaja babu. Wa pili Kuluba. Kamisi, kwa kuwa ni shemeji, alisema kwao ni Ludara, lakini dada yake ameolewa Kuluba, na akamtaja babu wa mume wa dada yake kwa heshima. Walipomaliza, safu nzima ya lango ilikuwa na babu mmoja, naye alikuwa babu wa Kamishna.

"Mheshimiwa Hakimu," Drateru alisema, "kitabu yetu inasema mashine haina ukoo. Sawa. Lakini hii imejua shangazi wote, mpaka wale wa mbali kabisa. Imejua hata shemeji. Mimi mwenyewe nikienda kwenye matanga nauliza, huyu mama ni nani kwangu? Hii haikuuliza. Sasa kuna njia mbili tu. Ama mashine iko na ukoo, ama kuna mutu mwenye ukoo ametia mkono ndani yake."

Saturnino alipinga, akisema mashine ile haina tundu la kupitisha mkono. Nilimkubalia, lakini niliona kwamba hoja haikuondoka.

Bi Suzan alikuwa amefungua kalamu. Kamishna aliiangalia kalamu ile, akaangalia watu wake wa langoni ambao bado walikuwa wamesimama kama safu ya mihogo, akaangalia tena kalamu. Nataka ieleweke kwamba alikuwa mtu mwenye akili nyepesi sana. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, na sauti yake ikawa ya upole kama ya mtu anayeozesha binti.

Alisema kwamba kijana huyu mwanasheria amegusa jambo la kina. Yeye Kasimiro ndiye aliyeitoa mashine Kampala. Ameilisha dizeli. Amekaa nayo usiku na mchana, akaongea mbele yake, akataja watu wake mbele yake, kama mzazi yeyote anavyofanya. Imelala chini ya paa lake na kusikia salamu zake.

"Mtoto akijua watu wake bila kuambiwa," aliuliza, "kosa iko wapi? Mimi sikutia mkono. Hii mashine ni mtoto yangu. Imerithi."

Watu wa langoni walipiga makofi. Nami, nisifiche, niliguswa. Katika dakika moja sheria ya mashine ilikuwa imepata kitu ambacho mtaala wangu wote haukuwa nacho: baba. Nilitamka rasmi kwamba mahakama inapokea ubaba huo.

Hapo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, karibu na mlango.

"Mama yake nani?"

Alikuwa Bi Margaret, mke wa Kamishna. Alikuwa amekuja kumwona mumewe akishinda, na amevaa kwa ajili hiyo.

Kamishna alimwambia kwa upole kwamba hiyo ni lugha ya sheria.

"Lugha ya sheria au lugha ya nini, mtoto iko na mama," alisema, akija mbele huku watu wakimpisha. "Kasimiro, mimi nimekaa na wewe tangu wakati ya vita. Tumekimbia pamoja, tumerudi pamoja. Huyu mtoto umezaa wapi? Kesho wajomba zake wanakuja mlangoni pangu, wanasema mama ya mtoto hajatolewa kitu. Mimi nitawapa nini? Nitawapa kuku? Wanakula kuku, hawa?"

Utetezi ulijaribu kusaidia. Saturnino alieleza kwamba, kitaalamu, mama wa mashine ni kiwanda, na kiwanda kiko ng'ambo.

"Ng'ambo," alirudia Bi Margaret, akitikisa kichwa taratibu. "Ndiyo maana ya zile semina."

Ukumbi ulicheka mpaka askari wa mlangoni akaweka bunduki chini afute macho. Niligonga meza, nikaamua kwamba swali la mama ni halali ila litasikilizwa katika kikao kingine, nyumbani.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Bi Suzan aliinua mkono kama mwanafunzi, na nikamruhusu, maana adabu ile ilinipendeza. Alisema hana la kuongeza katika sheria ya mashine, ambayo ndiyo kwanza anaisikia. Yeye anajua sheria moja ndogo tu, ya utumishi, ya zamani, isiyo na umaarufu. Alitaka kumwuliza Bwana Kamishna kitu.

"Huyu mtoto wako, ndiye anafanya kazi katika ofisi yako?"

"Ndiyo," alisema Kamishna.

"Nani alimwajiri?"

Kamishna aliitazama mashine.

Bi Suzan aliendelea kwa sauti ileile ya chini. Alisema mtumishi wa serikali haruhusiwi kumwajiri mtoto wake katika ofisi anayoiongoza. Akifanya hivyo anasimamishwa kazi, na maamuzi yote ya mtoto huyo yanafutwa kama vile hayakuwahi kuwepo. Huwa ni kesi ngumu, alisema, kwa sababu wazazi wengi wanakana. Kisha akamwangalia kwa huruma halisi. "Lakini pengine nimekosea kusikia. Pengine si mtoto wako. Ukisema si wako, Bwana Kamishna, mimi nitafuta hii yote."

Kamishna alifungua mdomo. Mama Rosa Kiden alikuwa ameinuka, mikono imeshika kitambaa cha kichwa, na macho yake hayakuwa kwa mashine, yalikuwa kwa yule mtu.

Ndipo Drateru akauliza, wala hakunyanyua sauti, kwamba kama si mtoto wake, basi shangazi wale waliotajwa, nani alikuwa anawajua?

Kamishna alikaa. Akasimama. Alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena. Kukubali mtoto kulikuwa kusimamishwa kazi. Kukubali kutia mkono kulikuwa gereza. Alikuwa mtu wa hesabu.

"Ni mtoto yangu," alisema, kwa sauti ambayo hata kipaza sauti kisingeisaidia.

Nilitoa hukumu nikiwa nimesimama, ili ukubwa wa jambo uonekane. Nilisema kwamba mashine imethibitika kuwa na ukoo, na kwa hiyo haifai kugawa chochote mpaka ukoo huo ukae mbali nayo. Ugawaji wote wa vibanda umefutwa. Kila mtu arudi alipokuwa kabla mashine haijafika, na Mama Rosa Kiden awe langoni kabla ya soko kufunguliwa asubuhi. Kuhusu mashine, serikali hailei watoto wa watu. Baba yake aichukue. Bi Suzan alitia saini kwa upande wa utumishi, akamwomba Kamishna funguo za ofisi, akamwambia asante.

Jioni ile Bwana Kasimiro alikwenda kwake akisukuma wilbaro, na mashine imelala ndani yake, imefunikwa kanga. Bi Margaret alitangulia mbele, hakugeuka hata mara moja. Kwenye mashimo ya barabara alisikika akisema, bila kumtaja mtu, kwamba mtoto wa watu asiangushwe.

Asubuhi Kamisi alikutwa kibandani kwa mazoea. Mama Rosa hakugombana naye. Alimpa mtungi, akamtuma kisimani, na aliporudi alikuta ufuta umeshapangwa na hakuna mahali pa kukaa. Baadaye Mama Rosa alimchukua kama mpagazi. Watu husema ni kijana mzuri akipewa mzigo.

Chuo kilirekebisha mtaala mara moja, maana elimu isiyobadilika ni kuni. Juu ya ubao maneno ya zamani yalipakwa chokaa, na sasa mwanafunzi wa sheria ya mashine anaanza na swali moja kabla ya swali lingine lolote: ni ya nani? Nasikia kuna vyuo vikubwa, vyenye mashine nyingi na umeme wa kutosha, ambavyo bado havijafika hapo. Tunawasubiri. Drateru sasa ndiye anayefundisha somo hilo, nami nakaa nyuma kusahihisha madaftari.

Bwana Kasimiro anaishi Koboko mpaka leo, analima kidogo. Watu wa Koboko, Waislamu kwa Wakristo, ni watu wa adabu, na hakuna anayempita njiani bila salamu kamili. Wanamwuliza habari za nyumbani, habari za shamba, habari za mvua. Siku za soko hupita langoni, hana njia nyingine, na Mama Rosa humpimia ukwaju, akimwongezea kiganja kidogo juu.

"Na mtoto, baba? Hajambo?"

Anasimama hapo na kikapu chake. Mtu anaweza kukana mtoto, lakini siku atakayomkana huyu, kesi ya vibanda itafunguliwa upya, na safari hiyo mashitaka hayatasomwa kwa mashine. Watu walio karibu huacha kupatana bei ili wasikie vizuri.

"Mzima," anajibu Kamishna. "Anawasalimu."